Lavon na Barabara ya Chini ya Ziwa

Mimi si mpelelezi, na nilimwambia Twyla hivyo hivyo bila kuzunguka. Alikuwa amenifuata mpaka kwenye mabanda yangu ya kuku na viatu vyake vya ofisini, akasimama mlangoni ameziba pua. Twyla ni binti wa marehemu dada yangu Euna, kwa hiyo kwangu ni mtoto, na nikimkaripia hukaa kimya akangoja nimalize. Safari hii hakungoja.

"Mjomba, sikwambii umpeleleze baba. Nakwambia uende naye ziwani Jumamosi kama mnavyofanya kila mwaka, uangalie tu. Akiwa sawa, niambie yuko sawa, nitaacha kumsumbua. Asipokuwa sawa, niambie pia. Nitachukua funguo za boti, na za pikapu."

"Baba yako akijua, mimi na yeye basi."

"Wiki iliyopita alitoka kununua maziwa. Wamemkuta wapi? Nje ya kiwanda cha soksi, kakaa ndani ya gari na kofia yake ya kazi, anasubiri zamu. Kiwanda kimefungwa tangu niko shule, mjomba."

Nikamwambia mtu yeyote anaweza kupita mahali alipofanya kazi maisha yake yote, akasimama kidogo. Akaniuliza kama mtu yeyote huwa anavaa na kofia. Nikashika ndoo yangu ya chakula cha kuku nikamwacha pale. Nilikuwa nimekasirika sana, na nilimkasirikia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Lavon Hargett alimwoa dada yangu tukiwa wote vijana, na tangu hapo sijapata rafiki mwingine wa maana, wala sikumtafuta. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma soksi. Mashine zile zikiwaka zote huwezi kusikia hata jina lako, lakini Lavon alikuwa akipita katikati yake, anasimama ghafla, anainamisha kichwa kama mtu aliyeitwa, halafu ananyoosha kidole: hiyo, sindano imepinda. Hakuwa msemaji. Kanisani aliimba kwa kuchezesha midomo tu. Euna alisema kwamba alipomposa hakusema chochote cha maana, alimletea samaki wanne waliokwisha kutolewa magamba, akasimama kwenye kibaraza anatazama viatu vyake mpaka baba yetu akacheka.

Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo, nacho ni bonde. Lavon alizaliwa kule chini, kabla bwawa halijajengwa na maji kupanda. Alikuwa bado mdogo walipohamishwa, lakini bonde lote alilibeba kichwani: nyumba ya nani ilikuwa wapi, uzio ulipita wapi, daraja la mbao, kanisa, barabara ya udongo mwekundu iliyoshuka mpaka kwao. Ukiwa naye ziwani husikii kwamba tupo mashariki au magharibi. Unasikia tupo juu ya shamba la pamba la mzee Pruitt.

Na bonde hilo ndilo lililomfanya awe mvuvi asiyeshindika mwanzoni mwa msimu. Watu wa mjini huja na boti zao mwezi wa tano, kumeshapata joto, wanachomwa na jua na kuita hiyo uvuvi. Sisi huku Alabama ya kaskazini tunaanza mwezi wa tatu, wakati maua ya zambarau yanatoka porini kabla ya majani na asubuhi bado kuna barafu kwenye kioo cha gari. Huo ndio wakati wa besi wakubwa, wale samaki wa mdomo mpana. Majike yamejaa mayai na yanatoka kilindini kufuata kingo za maji ya kina kifupi yanayoanza kupata joto. Wanapenda kupita mahali pagumu, penye mawe. Wanapenda barabara ya zamani. Lavon aliijua barabara hiyo kwa sababu aliitembea kwa miguu.

Jumamosi alinipitia alfajiri, kwa wakati, pikapu safi, boti nyuma kwenye trela, soseji za kopo na biskuti za chumvi kwenye kiti. Akaniambia ninuse kidogo mkono wangu kabla ya kugusa chambo chake, kwa sababu samaki hapendi harufu ya kuku.

"Samaki atanizoea," nikasema. "Wewe umenizoea."

"Mimi sina pa kukimbilia, shemeji. Samaki ana ziwa zima."

Nikafurahi moyoni. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kutania hivyo, nikajiambia. Niliendelea kujiambia hivyo njia nzima.

Mteremko wa kushushia boti, kwetu, ni mahakama. Wazee wanakaa kwenye ngazi za duka la chambo la Gaylon na vikombe vya kahawa, na kila anayerudisha trela kinyumenyume kuingia majini wanamhukumu. Wapo wanaume waliohama ziwa kwa sababu ya ngazi zile. Lavon aliirudisha trela mara moja, imenyooka, kama anavyofanya siku zote. Hata Gaylon hakumwona kosa.

Sasa hapa lazima nieleze kitu kimoja. Nyuma ya kila boti, chini, kuna tundu dogo, kidole gumba kinatosha kuliziba. Majira ya baridi tunatoa kizibo ili maji ya mvua yatoke. Kila mwanzo wa msimu kuna mwanaume mmoja anayesahau kukirudisha, na huyo tunamcheka mpaka kiangazi. Kwa hiyo imekuwa desturi: boti ikishuka, lazima mtu apige kelele kuuliza kama umeziba, na lazima ujibu kwa matusi. Hakuna anayejibu ndiyo. Ukijibu ndiyo unaonekana umetishika. Na hakuna anayeinama kukagua boti ya mwenzake. Ni kama kumwangalia mwanaume zipu.

"Lavon! Umeziba?" Gaylon akapaza sauti kutoka kwenye ngazi.

"Ningekuwa na kizibo ningekuziba mdomo wewe!"

Ngazi zote zikacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kubwa. Nilikuja pale makusudi kumwangalia mtu huyu, na niliposikia jibu lile sikuangalia chochote. Nikapanda boti.

Lavon aliendesha mbio moja kwa moja mpaka ng'ambo, upepo unatutoa machozi, halafu akazima mashine mahali ambapo kwa macho yangu hapakuwa tofauti na mahali pengine popote. Maji ya kijivu, msitu usio na majani pande mbili, bata wawili.

"Tupo kwenye kona," akasema. "Hapa basi la shule lilikuwa linakwama kila mvua ikinyesha. Mtaro uko upande wako. Tupa kule, acha kizame, halafu usifanye kitu."

"Nisifanye kitu mpaka lini?"

"Mpaka uchoke. Ukishachoka, subiri tena."

Baridi ya mwezi wa tatu inamfanya besi awe mvivu. Hakifuati chambo, anakitazama tu. Unakiburuta polepole sana juu ya mawe, na akija hakuvuti, anakuwa kama jani bichi limenasa kwenye mshipi. Mimi siku zote nachelewa. Lavon alisimama mbele, mabega yamelegea, kichwa kimeinama kidogo, vilevile alivyokuwa akisikiliza mashine zake, na kabla sijaona lolote akainua fimbo na fimbo ikapinda mpaka majini.

Hakupiga kelele. Alimchosha samaki, akamleta ubavuni, akamshika mdomo wa chini kwa kidole gumba akamnyanyua. Lilikuwa jike kubwa, tumbo limetuna, mgongo wa kijani karibu mweusi. Lavon alimgeuza kidogo kwenye mwanga kisha akamrudisha majini, akamshikilia mpaka mkia ukapata nguvu. Samaki wa mwezi wa tatu hatumli. Ana kazi ya kufanya.

"Haya, mama, nenda," akamwambia.

Akavua wengine watatu kutoka barabara ile ile. Mimi nikapata mmoja, na akanieleza kwamba yule alikuwa mgonjwa. Tukala soseji kwa vidole. Alinieleza habari za mbuzi wa mama Pruitt aliyepanda juu ya paa la kanisa siku ya mazishi, habari ambayo nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na hakukosea hata neno. Nikaamua palepale. Nitamwambia Twyla baba yako yuko sawa kuliko mimi na wewe, mwache mzee avue samaki wake. Niliona raha kubwa, ile raha ya kutua mzigo. Nikainuka kwenda nyuma kuchukua chupa ya kahawa, na mguu wangu ukaingia kwenye maji.

Hayakuwa maji ya kumwagika. Yalikuwa yamefika kwenye kifundo, na chupa ya kahawa ilikuwa inaelea. Nyuma ya boti ilikuwa imekaa chini sana, ziwa limebakiza kiganja kuingia kwa juu.

"Lavon, tunazama. Kizibo kiko wapi?"

"Kizibo gani?" Alikuwa anatabasamu. Alidhani nataka matusi.

Nikabonyeza swichi ya pampu ya kutolea maji. Kimya. Nikafungua kifuniko nikaona nyaya zake zimeninginia, alizitoa vuli iliyopita na hakuzirudisha. Tulikuwa na majaketi ya kuelea, ndiyo, lakini maji ya mwezi wa tatu hayakuui kwa kukuzamisha. Yanakukaza mikono kwanza, halafu unakaa unaelea mpaka uache kutetemeka.

Dawa ya jambo hili kila mtu wa ziwa letu anaijua. Boti ikikimbia kwa kasi, maji ya ndani yanavutwa nje kwa tundu lile lile yalikoingilia. Ukisimama, yanarudi. Kwa hiyo unawasha, unakimbiza, na husimami mpaka ufike nchi kavu.

"Washa! Kimbiza mpaka kwa Gaylon, usisimame!"

Akawasha. Bado mikono ilikuwa yake, sikatai. Boti ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyelala, ikanguruma, ikanyanyua pua angani, nikajilaza mbele kwa tumbo ili kuishusha, mwisho ikainuka na kuanza kuteleza. Nikaona maji yanapungua. Nikasema asante Yesu. Halafu Lavon akakata kushoto.

"Wapi? Lavon! Kwa Gaylon ni kulia!"

Hakunitazama. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko maji.

"Nyumbani ni huku," akasema. "Nakatisha darajani."

Upande ule ni mkono wa ziwa walikouacha msitu bila kuukata, visiki kila mahali, vingine shubiri moja chini ya maji. Hakuna anayepita pale kwa kasi. Ukipunguza mwendo unazama, usipopunguza unapasuka. Nilimwita jina lake. Nilimwita shemeji. Nikamwambia daraja halipo, Lavon, nyumba haipo, pako chini ya maji tangu tuko watoto. Akanijibu kwa upole, kama unavyomjibu mgeni, kwamba yeye ndiye anayekaa huku na mimi nisiwe na wasiwasi.

Nikashika usukani. Akanipiga kiwiko cha mdomo, nikaonja damu. Alikuwa na nguvu mzee yule. Ikabidi nimkumbatie kwa nyuma na kumng'oa kwenye kiti chake mwenyewe, boti yake mwenyewe, nikamwangusha sakafuni kwenye maji. Sikuwahi kumgusa Lavon kwa ubaya maishani mwangu. Niligeuza boti visiki vikiwa mbele yetu, vinaonekana. Yeye akabaki amekaa pale chini, suruali imelowa, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Sikupunguza mwendo hata kwa Gaylon. Niliipandisha boti moja kwa moja kwenye udongo mwekundu kando ya mteremko, ikalia vibaya, ikasimama na pua kwenye majani. Wazee wote wakasimama kwenye ngazi. Halafu wakaona maji yanamwagika kwa nyuma, wakaelewa, na kicheko kilichotoka pale sijakisikia mwaka mzima.

"Nani huyo?" Gaylon alikuwa amejishika mbavu. "Semeni wenyewe! Nani kasahau?"

Lavon aliwatazama, akanitazama. Macho yake yalikuwa yanatafuta. Nikasema, "Mimi."

"Hoyt wa kuku!" wakapiga kelele. "Nilijua tu! Rudi bandani, Hoyt!"

Na Lavon akacheka nao. Alicheka kuwashinda wote, akanipiga mgongoni, akawaambia ndiyo hasara ya kutembea na mtu asiyejua kitu ila mayai. Nilimwonea huruma na nikamchukia kwa pamoja, na sikujua hata mimi mambo hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Pikapu niliendesha mimi. Hakubisha.

Twyla alikuwa jikoni kwa baba yake, amepika maharage na mkate wa mahindi, anajifanya amepita tu. Aliona suruali ya Lavon, akaona mdomo wangu. Akaweka sahani mezani. Lavon akajipakulia na kuanza kumsimulia, mwenye furaha, msemaji kuliko nilivyomwona tangu Euna afariki.

"Mjomba wako huyu! Kasahau kizibo. Nimemuuliza mara ngapi, umeziba, umeziba? Eti ndiyo. Kidogo atuzamishe, bahati yake mimi nalijua ziwa."

"Na mdomo wake, baba?"

"Kajigonga. Akiogopa huwa anarukaruka."

Hakuwa anadanganya. Hilo niliona wazi, maana Lavon akidanganya hutazama viatu, na sasa alikuwa ananitazama mimi, anasubiri nicheke. Uongo wangu wa kumficha aibu ulikuwa umeshakuwa kumbukumbu yake. Ningenyamaza tu. Ningekula maharage yangu, Jumamosi nyingine angekuja alfajiri na soseji zake, au angekwenda peke yake akafuata barabara yake mpaka mwisho. Twyla alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ananiangalia.

"Si mimi niliyesahau," nikasema.

Nikasema yote. Kizibo, nyaya za pampu, kushoto badala ya kulia, visiki, kiwiko. Nilisema nikimtazama yeye, si binti yake, kwa sababu nilitaka asije akasikia kwamba nimemsema kisogoni. Nikamwambia, Lavon, sitaki uende tena peke yako, na nami siwezi kukubeba tena, nakuomba umpe Twyla funguo. 

Akaweka kijiko chini. Akafuta mdomo taratibu, akanitazama usoni, kisha akamgeukia binti yake.

"Twyla, huyu bwana ni nani, na anataka nini mezani kwetu?"

Twyla akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Mimi nikasimama, nikasema samahani, sijui nilimwambia nani, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikakaa kwenye ngazi. Kupitia dirisha nilisikia kijiko kinaendelea na kazi yake kwenye sahani.

Lavon ana hasira za kununa. Tulishawahi kugombana, akapita mbele yangu kanisani kama anapita nguzo, akamuuliza Euna kwa sauti yule ni nani, na baada ya wiki mbili akaja na samaki, yakaisha. Nilikaa pale kwenye ngazi nikiwa na damu mdomoni, nikamwomba Mungu iwe ni hasira.